Mwisho wa Kukimbia

Kukimbia ni kwenda mbio, lakini mwanariadha anakimbia na mtu anayenusuru roho yake anakimbia, na Kiswahili kimewapa wote wawili kitenzi kimoja. Lugha za jirani zimewatenganisha. Kichewa, lugha ya wenyeji wa Lilongwe na wilaya ya Dowa, kina kuthamanga kwa mwenye mbio za kawaida na kuthawa kwa anayeikwepa hatari. Kinyarwanda kina kwiruka na guhunga. Kiingereza kina run na flee. Kiswahili huweka tofauti nyingine, kwa kunyambua kitenzi chenyewe. Mtu hukimbia vita, kisha hukimbilia Malawi. Umbo la kwanza linataja kinachoachwa, la pili linataja kinachoendewa, na katikati ya hayo mawili limekaa swali ambalo walimu wa dini na wanafalsafa wamelijadili kwa karne nyingi: kukimbia ni haki, ni wajibu au ni aibu? Na anayekimbia huwa amemaliza kukimbia wakati gani?

Sehemu ya pili ya swali ndiyo ngumu zaidi, na mahali pa kuipimia ni kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi. Kambi hiyo iko wilayani Dowa, kilomita zipatazo 45 kaskazini mwa Lilongwe. Enzi za Rais Hastings Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994, mwaka uleule Banda alioangushwa kwa kura, pakafunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi. Iliandaliwa kwa watu kati ya 10,000 na 14,000. Sasa wamo zaidi ya 50,000. Wengi ni Wakongo, hasa wa upande wa mashariki, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda, pamoja na wachache wa Ethiopia na Somalia. Kiswahili ni lugha yao ya pamoja sokoni, kisimani na kanisani, ingawa nyumbani kwa watu kuna Kibembe, Kifuliru, Kirundi na nyinginezo. Mtu wa Fizi au Uvira, mashariki mwa Kongo, huvuka Ziwa Tanganyika hadi upande wa Kigoma, akashika njia ya barabara hadi Mbeya, akaingia Malawi kwenye mpaka wa Songwe, akapita Karonga, kisha akateremka kusini hadi Dowa. Ni zaidi ya kilomita 1,000. Ukiiita safari hiyo mbio, ni mbio ambazo sehemu yake kubwa huendwa kwa kukaa: ndani ya boti, ndani ya basi, kwenye kituo cha mpito.

Kuhusu aibu, Waswahili walikwisha kutoa hukumu. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hiyo haimsifu mwoga. Inatazama nyumba mbili jioni ya vita na kuuliza ni ipi ambayo ingali na watu wake. Dini hazikufika hapo upesi, kwa sababu kwa muumini kuna jambo la kuogopwa kuliko kifo. Anayekimbia mateso anaweza kuwa anaikimbia imani yake, au anawaacha wenzake, au anaikataa hukumu ya Mungu.

Kati ya Wakristo, waliolijadili jambo hili kwa kina zaidi katika karne za mwanzo walikuwa Waafrika. Tertullian wa Carthage, mwanzoni mwa karne ya 3, aliandika kitabu kizima kupinga kukimbia wakati wa mateso. Hoja yake ilikuwa kali na nyoofu: mateso huletwa kwa mapenzi ya Mungu ili kuwapepeta waumini, na kitokacho kwa Mungu hakikimbiwi. Ruhusa ambayo Yesu aliwapa wanafunzi wake, kwamba wakiteswa katika mji mmoja wakimbilie mwingine, aliiona kuwa ya wakati wa mitume peke yao. Hakuruhusu hata kuwahonga askari ili mtu aachwe salama. Chini ya miaka 50 baadaye, askofu wa mji uleule, Cyprian, alifanya kinyume. Mwaka 250, Kaisari Decius alipowalazimisha raia wote kutoa sadaka kwa miungu ya Roma, Cyprian alijificha na kuliongoza kanisa lake kwa barua. Wapo waliomsema vibaya. Mwaka 258, katika mateso mengine, alikaa akangoja, akakatwa kichwa. Maisha yake yanaonyesha kwamba mtu mmoja anaweza kukimbia kwa haki leo na kubaki kwa haki kesho, na hilo ni jibu bora kwa Tertullian kuliko hoja nyingi.

Athanasius, askofu wa Alexandria aliyefukuzwa kwenye kiti chake mara tano, aliandika utetezi wake akiwa mafichoni Misri karibu mwaka 357. Aliwataja Yakobo aliyemkimbia Esau, Musa aliyemkimbia Farao, Daudi aliyemkimbia Sauli na Eliya aliyemkimbia Yezebeli. Kisha akaigeuza lawama: kama kukimbia ni kubaya, kumkimbiza mtu ni kubaya zaidi, na anayewacheka waliokimbia huku akiwa ndiye mwenye upanga anajishtaki mwenyewe. Hoja hiyo haijazeeka. Mtu anapomuuliza mkimbizi kwa nini aliiacha nchi yake, swali limeelekezwa kwa asiyehusika.

Aliyepambanua vizuri kuliko wote ni Augustino wa Hippo. Vandali walipokuwa wakiivamia Afrika ya Kaskazini, askofu mmoja aitwaye Honoratus alimwuliza kama viongozi wa kanisa wanaruhusiwa kukimbia. Augustino alijibu kwa kutenganisha hatari mbili. Ikiwa adui anamtafuta mtu mmoja kwa jina, na wengine hawatadhurika, na akimbie. Wengine watabaki kuwahudumia watu. Ikiwa hatari ni ya wote, mchungaji hana haki ya kujiokoa peke yake na kuwaacha wasio na uwezo wa kuondoka. Lakini watu wote wakiondoka, anaondoka nao. Augustino mwenyewe alifariki mwaka 430, mji wake ukiwa umezingirwa. Sehemu ya tatu ya jibu lake ndiyo inayogusa maisha ya wengi walioko Dzaleka. Kijiji kinapohama chote, mchungaji, padri au shehe anayehama nacho hajaacha kazi yake, kazi imehama. Makanisa na misikiti ya kambini, mengi yakiwa ya matofali ya udongo yaliyofyatuliwa na waumini wenyewe, ni ushahidi wa namna hiyo ya kukimbia.

Katika Uislamu jambo lilianzia upande mwingine, kwa kuwa kuhama kulikuwa sehemu ya kuzaliwa kwa umma wenyewe. Kwanza baadhi ya Waislamu walihamia Uhabeshi, karibu mwaka 615, wakapokewa na mfalme Mkristo. Kisha mwaka 622 Mtume mwenyewe akahamia Madina. Kalenda ya Kiislamu haihesabu tangu kuzaliwa kwake, wala tangu kuteremshwa kwa wahyi, wala tangu ushindi wa vita. Inahesabu tangu Hijra. Kurani, katika sura ya An-Nisaa, inakwenda mbali zaidi ya kuruhusu: inawalaumu walioweza kuhama wakabaki kudhulumiwa, ilhali ardhi ya Mungu ni pana, na inawatoa kwenye lawama hiyo wanyonge wasio na njia. Wakati huohuo, sura ya Al-Anfaal inamkataza mpiganaji kuwapa maadui mgongo vitani. Kukimbia kwa askari na kukimbia kwa mnyonge havikutiwa kapu moja.

Hoja ya Tertullian, kwamba kitokacho kwa Mungu hakikimbiwi, iliibuka pia kati ya masahaba. Karibu mwaka wa 18 Hijria, Khalifa Umar alikuwa njiani kwenda Sham, yaani Syria, alipopata habari kwamba tauni imeingia huko. Baada ya kushauriana na watu aliamua kurudi. Abu Ubaida bin al-Jarrah akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar alikubali kwamba anaikimbia kadari ya Mungu, ila anaikimbilia kadari ya Mungu vilevile, akampa mfano wa mwenye ngamia ateremkaye kwenye bonde lenye pande mbili, mmoja una malisho na mwingine mkavu. Akilisha huku au kule, yote ni kwa kadari. Jibu hilo linaiondoa dhana kwamba kubaki ndiyo imani na kuondoka ndiyo shaka. Aliyeondoka mji wa Baraka, huko Fizi, usiku na aliyebaki mjini humo hadi asubuhi wote wamo ndani ya kudura ileile, na hakuna kati yao anayeweza kuhukumiwa imani yake kwa mahali alipokutwa.

Basi, kwa sehemu kubwa, sehemu ya kwanza ya swali imejibika: kukimbia ni halali kwa anayetafutwa, ni halali kwa jamii inayoondoka pamoja, na pengine ni wajibu. Mabishano ya karne hizo yalikuwa juu ya mtu anayeondoka. Lakini maandiko yaleyale yana upande wa pili ambao wahubiri huupita haraka, nao ni wa anayepokea.

Torati iliwaamuru Waisraeli watenge miji sita ya makimbilio kwa aliyemwua mwenzake bila kukusudia, na miji hiyo iwe wazi kwa Mwisraeli na kwa mgeni akaaye kwao. Kumbukumbu la Torati linaagiza hata njia zitengenezwe, ili anayekimbia asikamatwe kabla hajafika. Kitabu cha Yoshua kinaeleza utaratibu wa langoni: anasimama, anawaeleza wazee wa mji kisa chake, nao wanamwingiza na kumpa mahali pa kukaa kati yao. Utaratibu huo una hatua tatu na ni moja tu iliyo ya miguu yake. Akiachwa langoni, amekwenda umbali wote na bado anakimbia.

Madina inafundisha jambo hilohilo kwa kisa kimoja ambacho Waislamu wengi wanakijua. Waliohama Makka, Muhajirina, walifika mikono mitupu, na Mtume akawaunganisha udugu na wenyeji, Ansari, mmoja kwa mmoja. Abdurrahman bin Auf aliunganishwa na Saad bin Rabii, mtu tajiri, ambaye alimtolea nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka katika mali yake, hakuichukua, akauliza soko liko wapi. Akaenda kuuza na kununua; kwa siku chache alikuwa na samli na jibini ya kwake, na baadaye akawa miongoni mwa matajiri wa Madina. Kisa hiki husimuliwa kwa kawaida kuusifu ukarimu wa Saad, na ni haki. Lakini Saad alifanya mambo mawili: alitoa nusu ya mali na alionyesha njia ya sokoni. Lililopokewa ni la pili.

Methali ya Waswahili inamfahamu Abdurrahman: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia kumsema mgeni mvivu. Ina maana pana zaidi ya hiyo. Jembe ndilo linalomtoa mtu kwenye ugeni, kwa kuwa mwenye jembe ana ngwe, na mwenye ngwe ana mahali. Wachewa nao husema kwamba mgeni ndiye ajaye na wembe mkali, yaani huja na kitu ambacho mwenyeji hana, na Waswahili wanalisema hilo pia: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sheria za kimataifa hazimwulizi mkimbizi kama alikwenda mbio. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unamtazama mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, uraia, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa. Ni yule wa kwanza katika jibu la Augustino, anayetafutwa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliotiwa saini Addis Ababa mwaka 1969, ukaongeza yule mwingine: aliyelazimika kuondoka kwa sababu ya uvamizi, utawala wa kigeni au machafuko makubwa, hata kama hakuna anayemjua jina. Mkulima wa Kivu, mashariki mwa Kongo, anaenea katika nyongeza hiyo, na ni heshima kwa Afrika kwamba iliiandika.

Malawi iliingia katika Mkataba wa 1951 mwaka 1987, lakini kwa kuweka pingamizi juu ya vifungu kadhaa. Miongoni mwake ni kifungu cha 17 kuhusu ajira, cha 26 kuhusu kutembea na kuchagua pa kuishi, na cha 34 kuhusu kupewa uraia. Kwa maneno ya methali, mgeni amekaribishwa siku mbili, na siku ya tatu imeahirishwa.

Kwa miaka mingi pengo hilo lilizibwa kimya kimya. Wakimbizi walitoka Dzaleka wakafungua maduka ya rejareja katika mitaa ya Lilongwe, wakauza unga, sukari, sabuni na mafuta ya kupikia, wakalipa kodi ya pango kwa wenye nyumba Wamalawi na kununua mzigo kwa wauzaji wa jumla wa mjini. Walikuwa wameuliza soko liko wapi, na mji ukawaonyesha. Mwaka 2021 serikali iliwaagiza warudi kambini. Agizo hilo likazuiwa kwa muda na Mahakama Kuu. Machi 2023 likaja jingine, lenye mwisho wa tarehe 15 Aprili, na Mei mwaka huo polisi na wanajeshi wakaanza kuwaondoa watu mjini. Maduka yalifungwa, bidhaa zikapotea, na wapo waliopitishwa gereza la Maula, watoto wakiwemo, kabla ya kupelekwa Dzaleka. Kwa watu waliokwisha kukaa Malawi miaka kumi au ishirini, hii ilikuwa mara nyingine ya kuondolewa mahali kwa nguvu.

Haki inataka upande wa mwenyeji usemwe pia. Malawi ni nchi maskini yenye ardhi ndogo kwa watu wake, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilihifadhi zaidi ya watu milioni moja waliokimbia vita vya Msumbiji, mzigo ambao nchi nyingi tajiri hazijawahi kuubeba. Mwanakijiji wa Dowa hana ngwe ya kugawa. Lakini hoja ya ardhi haimgusi muuza duka, ambaye hakuomba shamba. Wala haiafikiani na hali ya Dzaleka yenyewe, ambako wanavijiji wa jirani huleta mazao yao katika soko la kambi na kutibiwa katika kituo chake cha afya. Anayezuiwa kufanya kazi hulishwa kwa msaada, na msaada huo, ambao siku hizi hutolewa zaidi kwa fedha taslimu, hupunguzwa kila wafadhili wanapopunguza michango. Kumnyima mtu jembe hakumwokoi mwenyeji gharama. Kunaihamishia gharama hiyo kwingine na kumwacha mgeni langoni.

Mifano ya lango kufunguliwa ipo karibu. Baada ya mgogoro wa baraza la mawaziri la Malawi mwaka 1964, mawaziri waliotofautiana na Banda walikimbia nchi, na baadhi yao wakapokewa Tanzania. Kanyama Chiume aliishi Dar es Salaam, akafanya kazi na kuandika vitabu kwa Kiswahili, akarudi kwao baada ya Banda kuanguka. Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 walipewa mashamba Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakajilisha wenyewe na kulipa kodi, na zaidi ya 160,000 kati yao wakakubaliwa kuwa raia. Vyeti vyao vilianza kutolewa mwaka 2014. Safari hiyo ilichukua miaka 40 na haikukosa misukosuko, ila ilikuwa na mwisho. Katika Dzaleka kwenyewe upo mlango mdogo uliofunguliwa kutoka ndani. Mwaka 2014 msanii Mkongo anayejulikana kama Menes la Plume alianzisha Tamasha la Tumaini, na kila mwaka watu wa Lilongwe huenda kambini kusikiliza muziki, kulala katika nyumba za wakimbizi na kula kwao. Kwa siku chache mkimbizi ndiye mwenyeji.

Mahali lango lilipobaki limefungwa, mambo mawili hutokea. La kwanza ni kwamba mtu anaendelea na safari. Anatoka Dzaleka kwenda Afrika Kusini, kama wengine walivyotoka kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania, kuja Dzaleka. Maofisa huona hapo safari mpya, ya hiari, isiyo na haki ya ile ya kwanza. Kwa kipimo cha Yoshua si mpya: mtu ambaye hakupewa mahali kati ya watu wa mji hajamaliza ile ya kwanza. Hoja hii haihalalishi kila msafiri, kwa kuwa wapo wanaofuata maslahi tu, lakini inamlazimu anayehukumu aulize kwanza kama kule mtu alikotoka alikuwa amefika.

La pili ni kungoja. Wengi wanatumaini kupelekwa nchi ya tatu, kama Kanada au Australia, na utaratibu wake wa mahojiano, uchunguzi na vipimo vya afya huchukua miaka, bila ahadi. Anayengoja hivyo anachunga asifunge mkataba mrefu, asijenge nyumba ya kudumu, asianze kitu ambacho hatakimaliza. Mwili umekaa Dowa. Maamuzi yake yote ni ya mtu aliye njiani. Sheria ya Musa ilimwekea mkimbizi wa mji wa makimbilio kikomo kinachojulikana: kuhani mkuu akifa, anarudi kwao bila kuguswa. Hakujua siku, ila alijua tukio. Mkimbizi wa Dzaleka hana tukio la kungoja ambalo likitokea litamhusu yeye na wenzake wote kwa pamoja; amani ya Kivu ingekuwa hilo, nayo imeahidiwa mara nyingi.

Wapo pia wasiowahi kukimbia kabisa. Watoto waliozaliwa Dzaleka tangu 1994 ni maelfu. Wakubwa wao sasa ni wazazi. Wanazungumza Kichewa na wenzao wa vijijini, wamefanya mitihani ya taifa ya Malawi, na Kongo au Burundi wanaijua kwa simulizi za wakubwa. Hakuna walichokiacha, kwa hiyo hoja zote za Tertullian, Athanasius na Augustino haziwagusi: hakuna kitendo chao cha kuhukumiwa wala kutetewa. Hata hivyo wanaandikishwa kuwa wakimbizi. Kukimbia, ambako katika maandiko yote ni tendo la mtu mwenye hofu yake mwenyewe, kwao kumekuwa hali ya kurithi. Sheria ya uraia ya Malawi ya mwaka 1966 haimpi uraia mtoto kwa kuzaliwa nchini pekee. Humtaka awe na mzazi Mmalawi. Mtoto wa mkimbizi aliyezaliwa Dzaleka anabaki na hadhi ya mzazi wake, na mtoto wake atakayezaliwa hapohapo, kama wazazi wote wawili si Wamalawi, atakuwa nayo pia.